Mwanangu wanamwita "Dishi" shuleni: je, tumfanyie upasuaji wa masikio?

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka minane, yuko darasa la pili hapa Tanga. Masikio yake yamechomoza tangu akiwa mchanga, na toka aanze shule wenzake wanamwita Dishi. Kila akinyolewa analia, maana shuleni kwao nywele haziruhusiwi. Mama mkwe anasema kosa ni langu, nilikuwa nikimfunga mbeleko upande mmoja. Nimejaribu kumbandika plasta usiku kwa mwezi mzima, ngozi ikabanduka, nikaacha. Wifi yangu aliyeko Muscat anataka kunitumia stika za kubana masikio, na anasema zikishindwa tumfanyie upasuaji likizo ya Desemba. Baba yake ana masikio hayo hayo, yeye anasema 'mbona mimi nimeoa?' Je, upasuaji hauharibu usikivu? Umri wake unafaa? Ninachohofia pia, dada yangu alitoga matundu ya pili masikioni yakaota nyama, mpaka leo anajifunika mtandio. Na mimi mwenyewe ndewe yangu ya kulia ilichanika kwa hereni. Naweza kushonwa siku hiyo hiyo tukaokoa nauli?"

Marahaba, mama. Umeuliza mengi, ila lile zito kuliko yote umeliweka karibu na mwisho kana kwamba ni nyongeza: nyama iliyoota masikioni mwa dada yako. Nitayapitia mengine kwanza, kisha tukae hapo.

Mbeleko haina kosa. Wala kulalia upande mmoja, wala kuvutwa sikio na mwalimu, ingawa hilo la mwalimu lina ubaya wake mwingine. Masikio ya namna hii mtu huzaliwa nayo, au huanza kuonekana wazi muda mfupi baada ya kuzaliwa, na mara nyingi ni ya kurithi. Ushahidi unao hapo nyumbani, ndiye huyo anayeuliza mbona kaoa. Ukimkuta mama mkwe siku ana raha, mwambie kwa adabu kwamba masikio haya kayaleta mwanawe.

Sikio la nje limejengwa kwa gegedu, ambalo ni gumu kuliko nyama na laini kuliko mfupa, na juu yake kuna ngozi nyembamba. Ndewe peke yake ndiyo isiyo na gegedu. Ukimtazama mtu ubavuni utaona ndani ya ule ukingo wa nje kuna mkunjo wa pili unaopanda sambamba nao, na katikati kuna bakuli linaloingia kwenye tundu la sikio. Kwa watoto kama wako, ama ule mkunjo wa pili haukujikunja ipasavyo, ama bakuli lina kina kirefu mno likalisukuma sikio zima mbali na fuvu. Wengi wana vyote viwili. Unaweza kumchungulia mwenyewe wakati wa kumwogesha, bila kumfanya ajione yuko maonyeshoni: sukuma sehemu ya juu ya sikio taratibu kwa kidole kuelekea kichwani. Kama mkunjo unajitokeza na sikio linakaa vizuri, tatizo kubwa ni mkunjo. Kama juu pamerudi lakini katikati bado pamesukumwa nje, bakuli nalo limo. Ukiweka rula kutoka kwenye fuvu hadi ukingo wa sikio, umbali wa hadi sentimita 2 hivi ni wa kawaida. Ukizidi hapo ndipo tunaposema limechomoza.

Kuhusu usikivu, ondoa wasiwasi. Kazi ya kusikia hufanyika ndani: kwenye ngoma ya sikio, vifupa vitatu vidogo vilivyo nyuma yake, na koklea, kiungo cha ndani kabisa kinachopokea sauti. Sikio la nje hukusanya sauti kidogo na kusaidia kujua inatoka wapi. Kulisogeza nyuma sentimita moja hakumfanyi mtoto kiziwi, na kuchomoza kwenyewe hakumfanyi asikie zaidi ya wenzake. Upasuaji hufanyika nyuma ya sikio na haufiki kwenye ngoma.

Hapa niseme jambo la pembeni, kwa sababu kuna wazazi wengine watasoma. Sikio lililokuwa limekaa vizuri likasukumwa mbele ndani ya siku chache, pakawa na uvimbe au wekundu nyuma yake, homa, au usaha unatoka, huo si uchomozaji tunaouzungumzia. Ni uwezekano wa maambukizi yaliyoingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na yanaweza kusambaa hadi kwenye ubongo. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke.

Sasa plasta. Hukukosea kuwaza hivyo, umechelewa kwa miaka minane tu. Mtoto anapozaliwa bado ana homoni za mama mwilini, na hizo ndizo hulifanya gegedu lake kuwa laini kwa wiki chache. Ni kama ukindu: ukiwa umelowa hufuata mkono wa msusi, ukishakauka ukiulazimisha unarudi ulivyokuwa au unavunjika. Ndiyo maana kumwekea mtoto mchanga kibano laini maalumu cha kuliumba sikio hufanya kazi vizuri kikianza katika wiki mbili tatu za mwanzo, na faida yake hupungua haraka baada ya hapo. Mungu akikujalia mwingine ukamwona na masikio ya baba yake, mpeleke akaonwe wiki ya kwanza, usisubiri arobaini. Lakini kwa mtoto wa miaka minane, stika za Muscat zitalibana sikio wakati zimebandikwa na si zaidi. Akizibandua, sikio linarudi. Kwa joto la Tanga na jasho la mtoto, gundi itamrudishia vidonda vile vile. Mshukuru wifi, pesa hiyo aitumie kwa jambo jingine.

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Mwaka 1881 daktari Edward Ely wa New York aliandika jinsi alivyomrekebisha masikio mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akichekwa na wenzake. Kwa hiyo kina Dishi wako tangu zamani. Njia tunazotumia leo zimetokana kwa sehemu kubwa na madaktari wa miaka ya 1960: Jack Mustardé wa Scotland alieleza mwaka 1963 namna ya kutengeneza mkunjo uliokosekana kwa nyuzi zinazopita kwenye gegedu na kulikunja, na mwaka 1968 David Furnas wa Marekani akaeleza namna ya kulifunga bakuli kwenye utando mgumu wa mfupa wa nyuma ya sikio ili lirudi. Daktari huchana ngozi nyuma ya sikio, kwenye kunjo lenyewe, akafanya moja ya hayo au yote, na wakati mwingine hulikwaruza gegedu upande mmoja ili lilegee. Kazi huchukua saa moja mpaka mbili kwa masikio yote. Mtoto mdogo hupewa nusukaputi. Kijana mtulivu au mtu mzima anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya pale pale. Baba yake akibadili mawazo, umri si kizuizi, ila gegedu la mtu mzima ni kaidi zaidi na hutaka kulegezwa kwanza. Na wale wanaokuja kwangu wamebakiza wiki tatu kabla ya harusi, jibu langu huwa ni hapana. Waje miezi mitatu kabla, au waoe na masikio yao.

Kuna pia njia ya kupitisha nyuzi kupitia vitundu vidogo bila kuchana ngozi. Ipo, na inawafaa baadhi ya watu wenye gegedu laini. Wanaoitangaza kama "upasuaji bila kovu", waulize nyuzi zikikatika au zikitokeza kwenye ngozi watafanyaje.

Umri wa mwanao unafaa. Mtoto akifika miaka mitano au sita sikio limeshakaribia ukubwa wake wa utu uzima, ndiyo maana wengi wetu hatugusi kabla ya hapo. Kwa hiyo umri haukuzuii. Kinachonifanya nisiseme "mlete Desemba" ni dada yako.

Ile nyama tunaiita keloidi. Ngozi ikijeruhiwa, mwili hutengeneza nyuzinyuzi za kuziba jeraha, na kazi ikiisha hupokea amri ya kuacha. Kwa mwenye keloidi ile amri haisikiki. Nyuzinyuzi zinaendelea kuongezeka, kovu linavuka mipaka ya jeraha na kukua juu ya ngozi isiyojeruhiwa, likiwasha au kuuma. Hapo ndipo linapotofautiana na kovu lililovimba la kawaida, ambalo hubaki ndani ya mstari wa jeraha na polepole hunywea. Keloidi huwapata watu wa rangi zote lakini sisi wenye ngozi nyeusi zaidi, hupenda kufuata ukoo, na sikio ni moja ya sehemu inazozipenda, pamoja na kifua, mabega na taya. Tena haina haraka. Kovu linaweza kuwa zuri miezi miwili baada ya jeraha, kila mtu kafurahi, likaanza kukua baada ya miezi sita au mwaka.

Na ikishatokea, kuikata peke yake ni kosa linalofanyika mno. Unaikata, umefungua jeraha jipya, mara nyingi inarudi, na pengine kubwa kuliko ya kwanza. Matibabu yanayosaidia ni ya kuunganisha: sindano za steroidi ndani ya kovu, zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa kwa miezi, kubana kwa hereni maalumu au kifaa cha kugandamiza, jeli ya silikoni, na kwa watu wazima baadhi, mionzi mara tu baada ya kukata. Mionzi hatuipendi kwa watoto. Mwambie dada yako haya, maana naona yeye ndiye mwenye ugonjwa unaotibika na hakuna aliyemuuliza. Wakati huo huo asimruhusu mtu kumkata bila mpango wa kitakachofuata.

Je, shangazi au mama mdogo kuwa na keloidi kunamhukumu mtoto? Hapana. Kunaongeza uwezekano tu, na kuna mambo ya kutazama. Angalia makovu aliyonayo tayari: la chanjo ya kifua kikuu begani, la tohara, ya magotini alikoanguka. Kama yote yamelala bapa, ni dalili njema, si hakikisho. Kama la chanjo limeota na kuwasha, hilo ni onyo, mwonyeshe daktari kabla ya neno lolote. Jiangalie na wewe: umetogwa, na pengine una kovu la uzazi. Muulize baba yake ukoo wa upande wao.

Halafu kuna suala la muda, na hapa mambo yanavutana. Keloidi si nyingi kwa watoto wadogo. Huongezeka kuanzia karibu na balehe mpaka miaka ya thelathini. Waliotogwa wadogo huota nyama mara chache kuliko waliotogwa wakiwa vijana, na dada yako kama sikosei alitoga ile ya pili akiwa msichana mkubwa. Maana yake ni kwamba ule ushauri mzuri wa "msubiri akue aamue mwenyewe" una gharama kwa familia kama yenu. Ukisubiri afike miaka 15 au 16, umempeleka kwenye kisu katika umri ule ule ambao keloidi inapenda.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Nisingekimbilia Desemba hii. Ningetumia mwaka huu kumpeleka akaonwe, makovu yake yakaguliwe, na yeye mwenyewe asikilizwe. Kama anataka kweli na makovu yake ni mazuri, ningefanya kati ya sasa na miaka kumi au kumi na moja, na nisingelala mpaka balehe. Kama hataki, au kovu lake la chanjo limeota, ningeyaacha masikio kama yalivyo bila kujuta, kwa sababu masikio yaliyochomoza hayaumi na hayakui, keloidi nyuma ya masikio yote mawili inauma na inakua.

Umeniandikia anavyolia, wifi anavyosema, bibi anavyosema, na baba. Hujaniandikia mtoto anataka nini. Muulize mkiwa wawili tu, na usimtajie masikio. Nilimuuliza mtoto mmoja kliniki, mama yake kakaa pembeni, angependa nimbadilishie nini. Akafikiri sana, akasema nimwambie mwalimu ambadilishie dawati, asikae tena na fulani. Hakupasuliwa. Wapo wengine wanaoshika sikio wenyewe na kukuonyesha kwa kidole liwekwe wapi. Hao wakifanyiwa huridhika, na unawaona wakija kuonwa tena wameinua uso. Mtoto anayeburutwa hung'oa bandeji usiku.

Mwone na mwalimu wa darasa, hili halihitaji rufaa. Mwambie jina lile likome, na usikilize kwanza kama mwalimu mwenyewe hamwiti hivyo. Na "mbona mimi nimeoa" ni kauli nzuri ya baba, lakini imeishia kwako. Mtoto angesimuliwa na baba yake aliitwa nani shuleni na alifanyaje, ingemfaa kuliko stika. Kama yapo maswali ya dini kuhusu kubadili maumbile, sheikh wenu atayajibu vizuri kuliko mimi. Mwelezee tu hali halisi, kwamba mtoto anataabika, asidhani ni pambo.

Mkiamua kwenda, anzieni hospitali ya Bombo hapo Tanga mkaombe rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo au wa upasuaji rekebishi. Kutoka kwenu, hospitali za KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam ndiko kunakofikika. Usikubali kazi hii ifanyike saluni au kliniki ya urembo isiyo na chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi, hata wakikuonyesha picha nzuri namna gani. Hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muulize maswali matatu bila aibu: ameshafanya masikio ya watoto wangapi, nani atamlaza usingizi, na kovu likianza kuota atafanya nini. Asiyekuwa na jibu la swali la tatu, mwage. Bima nyingi huuhesabu huu kuwa upasuaji wa urembo na hazilipi, kwa hiyo omba gharama yote iandikwe, pamoja na bandeji, kurudi kliniki na sindano za kovu zikihitajika.

Hakikisha amepimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya usingizi kama hajawahi kupimwa. Na asubuhi ya upasuaji usimpe uji. Kila wodi ya watoto ina mama aliyesema "hajala kitu, nimempa uji tu", na mtoto akarudishwa nyumbani. Uji ni chakula, na chakula hukoma muda wa masaa sita kabla ya upasuaji. Maji meupe anaweza kunywa mpaka yabaki masaa mawili, kama timu yenu haikusema vingine.

Likizo ya katikati ya mwaka ni bora kuliko Desemba. Atafungwa bandeji kichwani kwa siku kadhaa mpaka wiki, kisha kitambaa cha kubana masikio wakati wa kulala kwa wiki nne hadi sita, na Desemba ya pwani na kitambaa kichwani havipatani. Shule anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili, mpira asubiri wiki sita angalau.

Maumivu ya siku za mwanzo hutulia kwa dawa za kawaida. Yasiyo ya kawaida ni sikio moja kuuma kuliko jingine, na maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa siku mbili za mwanzo. Hapo damu inaweza kuwa imevilia kati ya ngozi na gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando unaolifunika. Damu ikiutenganisha utando huo, gegedu linakosa chakula, linakufa, na sikio linasinyaa. Usingoje tarehe ya kliniki, rudi usiku huo huo bandeji ifunguliwe. Vivyo hivyo kwa homa, harufu mbaya, au sikio kuwa jekundu na la moto. Yaliyobaki ni madogo lakini uyajue: masikio hayatalingana kabisa (yako hayalingani pia), ganzi ya ngozi kwa wiki kadhaa, uzi kutokeza nyuma ya sikio baada ya miezi, na wengine sikio hurudi mbele kidogo likahitaji kazi ya pili. Kovu litazamwe kwa mwaka mzima na zaidi. Likianza kuwasha au kunyanyuka, mpeleke wiki hiyo, kwa kuwa sindano hufanya kazi vizuri kovu likiwa bado changa.

Ndewe yako ni kazi nyepesi. Kwa ganzi, kingo za mpasuko hukatwa zikawa mbichi, kisha hushonwa, unaondoka na miguu yako. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi, na kutoga tena ni baada ya miezi mitatu au zaidi, pembeni ya kovu na si juu yake. Lakini usifanye siku ya mtoto. Siku hiyo ataamka usingizini analia na kutapika, atakutaka wewe, na atakushika hapo hapo sikioni. Kwa kuwa na wewe ni ndugu wa dada yako, yale ya keloidi yanakuhusu vile vile: daktari akague kwanza makovu yako. Hereni nzito zitafutie mwenye ndewe nzima.